Petroli inaishia mpirani kuliko kwenye mashine

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya nishati na maji Tanzania, wakishatangaza bei kikomo za mafuta, sisi wakulima wa nyanya wa Ilula, Iringa, tunaanza ubishi uleule: mashine gani ya maji inakula kidogo. Mimi naona mashine inasingiziwa. Kwa miaka niliyomwagilia kwa pampu ya inchi mbili, petroli nyingi nimeiona ikipotelea kwenye mpira wa maji na kwenye udongo.

Anza kwa kupima. Peleka pipa la lita 200 juu shambani, mpira unapoishia, washa pampu, kisha hesabu sekunde kwa simu. Likijaa kwa sekunde 40, unapata lita 300 kwa dakika. Zile lita 600 zilizoandikwa kwenye boksi ni za pampu isiyopandisha maji popote. Sasa piga hesabu: nyanya zenye matunda, kwenye jua la Septemba, zinataka takribani lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ekari ni kama mita za mraba 4,000, kwa hiyo lita 20,000, yaani saa moja na dakika chache. Kama unamwagilia kila siku ya tatu, weka saa tatu na nusu hivi, ongeza kidogo kwa yanayopotea kwenye mifereji. Anayeunguza mashine kutwa kwa ekari moja ananywesha magugu na njia ya ng'ombe.

Halafu kuna mpira wenyewe. Watu wananunua pampu ya inchi mbili, wanafunga mpira wa inchi moja na nusu kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kwa kiasi kilekile cha maji, msuguano humo ndani ni karibu mara nne. Ile nafuu ya dukani unairudisha sheli, kidumu baada ya kidumu.

Upande wa kunyonya una hila zaidi. Pampu hizi ni hodari wa kusukuma, ila kunyonya kunazishinda: usizidishe mita 7 kutoka usawa wa maji, na huku nyanda za juu, hewa ilivyo nyepesi, punguza zaidi. Ishushe karibu na mto, urefu wa mpira uuongeze upande wa kusukuma. Kisha tafuta hewa inapoingilia. Tundu la upande wa kunyonya halidondoshi hata tone, ndiyo maana halionekani. Utaona tu maji yanatoka kwa kukohoakohoa. Paka povu zito la sabuni kwenye maungio mashine ikiwa inaunguruma. Mahali povu linapomezwa ndani, hapo ndipo. Zungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, kaza na klipu, endelea na kazi.

Akseli, ule mkono wa kuongezea mafuta, nayo usiikandamize hadi mwisho kwa mazoea. Rudisha taratibu huku mwenzako akiangalia maji kule juu, akupigie kelele yanapoanza kulegea, kisha pandisha kidogo. Ukishusha mno, maji yanafika kwa tabu na mafuta yanaungua bure vilevile.

Kwenye udongo, mabua ya mahindi yakitandazwa chini ya miche yanatunza unyevu vizuri sana. Kabla ya kuwasha mashine, chimba hadi kina cha kiganja, finyanga udongo: ukishikamana, ahirisha hadi kesho.

Jirani yangu huniambia, "Kaka, si ununue sola uachane na hesabu?" Sola ni nzuri, na naikubali, lakini idadi ya paneli inafuata wingi wa maji unayotaka. Anayepoteza nusu ya maji atanunua paneli mara mbili. Rekebisha mpira kwanza, ndipo uende dukani. Ukifika huko, usishawishike kununua betri. Weka simtanki mahali palipoinuka, lijae jua likiwa kali, kisha maji yateremke yenyewe kwenye mipira ya matone, yenye chujio, maana matope ya mto yanaiziba upesi. Na paneli zifungwe kwenye fremu ambayo watu wawili wanaweza kuibeba, kwa sababu usiku lazima zilale nyumbani.