Barua kwa Mwalimu: Jengo lililoishia kwenye lenta

Mwezi huu barua ni nyingi, na karibu zote zimeandikwa kwa hasira. Nimechagua mbili. Ya kwanza naijibu kwa ufupi. Ya pili imekaa mezani pangu siku tisa.

SWALI: Mwalimu, habari yako. Mbunge wetu tangu tumchague tumemwona mara tatu, zote matangani. Nasikia Katiba inaruhusu wananchi kumwondoa kabla miaka mitano haijaisha. Sisi vijana wa steji tuko tayari kukusanya sahihi hata kesho. Tuanzie wapi?
*Mwendesha bodaboda, Ukambani*

JIBU: Hukudanganywa. Kifungu cha 104 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakupa haki hiyo. Shida ni kwamba Katiba iliwaachia wabunge watunge wenyewe sheria ya jinsi ya kuwaondoa, na walichotunga mwaka 2011 kilikuwa ua wa miiba. Ombi lisingepokelewa kabla ya miezi 24 tangu uchaguzi, wala katika miezi 12 ya mwisho. Mahakama sharti iwe imempata mbunge na kosa kwanza. Kisha ndipo mtafute sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura wa eneo bunge zima. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na wabunge hawakuonyesha haraka yoyote ya kuleta vingine. Hakuna mbunge hata mmoja aliyewahi kuondolewa kwa njia hii.

Kwa hiyo msizunguke na karatasi za kumwondoa, mtachoka bure. Sahihi hizo zikusanyeni kwa ombi la Kifungu cha 119, kinachompa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge sheria, liibadilishe au liifute. Ombeni sheria ya kuondoa wabunge inayoweza kutekelezwa. Hiyo njia iko wazi leo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Pwani, nashona sare za shule na madera. Nina miaka 42, mume wangu ni mlinzi, tuna watoto watatu. Nimepiga kura tangu 2002, sijakosa hata mara moja. Mwaka 2007 nilipanga foleni saa kumi alfajiri nikiwa na mimba.

Zahanati yetu ilianzishiwa jengo la kina mama kujifungulia mwaka 2018. Kuta zilifika kwenye lenta, fundi akaondoka. Kabla ya uchaguzi wa 2022 walikuja wakaezeka mabati upande mmoja, wakapiga picha. Sasa mbuzi ndio wanalala humo. Mwakilishi wadi ametuambia mara mbili barazani kwamba pesa zimetengwa. Mwezi wa nne mwaka huu mdogo wangu alijifungulia ndani ya tuktuk tukielekea hospitali ya mjini. Mimi ndiye niliyempokea mtoto, kwa kanga yangu. Wako hai, namshukuru Mungu, lakini nikisikia kiongozi redioni akizungumza kuhusu afya kwa wote mikono yangu hutetemeka, nazima redio.

Mume wangu mshahara wake ni 18,000. Anakatwa ya bima ya afya, anakatwa ya nyumba. Nyumba hatujaiona, na zahanati ndiyo hiyo.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 23. Juni 2024 alikwenda Mombasa kuandamana na wenzake, akarudi macho yamevimba kwa gesi. Hana kadi ya kura na hataki kujiandikisha. Aliniambia, "Mama, kura zenu ndizo zilizotufikisha hapa." Sikuwa na jibu. Majirani wanasema 2027 tule pesa za wagombea wote kisha tulale nyumbani. Mwalimu, nimechoka, na naogopa kuyasema haya mbele ya watoto. Nami nilale?
*Fundi, Pwani*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mdogo wako pole yangu, na wewe pia, maana mikono iliyompokea mtoto garini ni hiyo hiyo iliyorudi kwenye cherehani kesho yake.

Kabla sijakujibu nikueleze nilichokiona mwaka 1988. Nilikuwa mwalimu kijana, chama kilikuwa kimoja, na uteuzi ulifanywa kwa mlolongo: unasimama nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wako, unahesabiwa mchana kweupe. Uwanja ulikuwa wa shule yangu. Mlolongo wetu ulianzia kwenye mlingoti wa bendera, ukapita mkwaju, ukatoka nje ya ua hadi dukani. Mlolongo wa pili haukufika hata kwenye mkwaju. Wanafunzi wangu walikuwa wamepanda ukuta, wanatazama. Jioni akatangazwa mshindi yule wa mlolongo mfupi. Na sheria ya wakati huo ilisema aliyepata asilimia 70 au zaidi katika uteuzi amepita bila kupingwa, basi hata kura ya siri hatukuifikia. Jumatatu mtoto wa darasa la saba akaniuliza, "Mwalimu, si nyinyi mlikuwa wengi?"

Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, sikupiga kura. Nilisema kama anavyosema mwanao. Sikurudi kituoni hadi 2002, siku ile ile uliyopiga kura yako ya kwanza. Kwa miaka kumi hiyo nilikaa nimenuna, na waliotawala hawakujua kama nimenuna. Hilo bado linaniuma, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Nianze na pesa za mumeo. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara, kwake shilingi 495 kwa mwezi. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, shilingi 270. Jumla 765. Najua kwenu hizo ni unga na mafuta ya siku kadhaa, na una haki ya kuzidai kwa sauti kubwa. Lakini pesa hizo haziendi kwenye jengo lenu. Jedwali la Nne la Katiba limeziweka zahanati mikononi mwa kaunti, kwa hiyo jengo lile halimngoji rais wala mbunge. Linamngoja gavana na bunge la kaunti. Nasema hivi kwa sababu hasira yetu karibu yote tunaipeleka Nairobi, kwenye nyuso tunazoziona kwenye runinga, na yule aliyetia sahihi malipo ya mkandarasi wenu anapita sokoni anawasalimia.

Sasa, kuambiwa barazani kwamba "pesa zimetengwa" hakutoshi. Kutengwa ni jambo moja, kutolewa ni lingine, kulipwa ni lingine tena. Jengo lenu huenda liko katika hali moja kati ya tatu: halikutengewa kitu, au lilitengewa na pesa hazikutolewa, au zililipwa na hazikufika kwenye matofali. Kila hali ina mtu wake wa kujibu. Mpaka mjue ni ipi, mwakilishi wenu atawazungusha.

Mtajua kwa barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza njia. Unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza, unavyopenda. Huulizwi unazitakia nini. Hulipi ada ya kuomba, labda gharama ya kutoa nakala. Afisi ina siku 21 kukujibu, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu. Usiandike "tunataka kujua kuhusu zahanati yetu," watakujibu kwa salamu. Andika: "Naomba nakala ya mkataba wa ujenzi wa jengo la uzazi la zahanati ya mahali fulani, kiasi kilichotengwa kwa jengo hilo kila mwaka wa bajeti tangu 2018, malipo yote aliyolipwa mkandarasi na tarehe zake, na vyeti vya mhandisi vilivyoidhinisha malipo hayo." Hicho cheti cha mhandisi ndicho muhimu kuliko vyote. Kinasema kazi imefika wapi, na kina jina la mtu. Kikisema jengo limekwisha na mbuzi wamelala ndani, una ushahidi unaoweza kupelekwa popote.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, urudi nayo. Usikubali kuambiwa "acha tu hapo mezani."

Nimeyafanya haya mwenyewe, kwa kisima cha kijijini kwetu. Tulikuwa watu sita, watatu wao wanawake wa chama cha kuweka akiba. Siku 21 zilipita kimya. Tukaandika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Ombudsman. Una siku 30 za kufanya hivyo ukinyimwa au ukipuuzwa, na hapo pia hulipi. Hatimaye tulipewa kurasa tatu. Ukurasa wa pili ulisema kisima kimekamilika, pampu na yote. Pampu haikuwepo. Tulizichukua kurasa hizo kwenye kikao cha maoni ya bajeti, bibi mmoja mkongwe akaomba zisomwe kwa sauti. Sikufichi wala sikuongezei: pampu ililetwa baada ya miezi minane, na pesa za mara ya kwanza hatujui zilikwenda wapi hadi leo. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zimejaa mambo ya namna hii na wachache sana ndio waliokwisha kufungwa. Lakini maji tunachota.

Vikao hivyo vya bajeti vifuatilieni. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba, sera ya matumizi kufikia 28 Februari na makadirio kufikia 30 Aprili, kisha mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Wengi huenda Mei, wakati kila kitu kimeshapangwa, wanakuta ukumbi umejaa watu waliovalishwa fulana. Mwende Septemba. Mwende kumi, mkae pamoja, na mdogo wako awe kati yenu na mtoto mgongoni.

Sasa mwanao. Usimwambie amekosea, kwa sababu hakukosea. Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kuongeza kodi walioandamana kuupinga, ulipita Bungeni Juni 25, wabunge 195 wakisema ndiyo na 106 wakikataa, na siku iliyofuata rais akatangaza hautii sahihi. Kilichomgeuza ni vijana barabarani, na wengine wao hawakurudi makwao. Nami sitamvumilia mtu yeyote anayewaita wahuni. Mwambie hivyo kutoka kwangu.

Kisha mwulize kama anajua mbunge wenu alikuwa upande gani siku ile. Majina yamo katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Desemba ya mwaka huo huo ilitiwa sahihi sheria nyingine ya kodi, ikarudisha baadhi ya yale yaliyokataliwa Juni, na barabara zilikuwa tupu. Wabunge walikuwa bado wamekaa pale pale. Mkononi mwa vijana hakukuwa na kitu cha kuwaondoa, maana kile cha Kifungu cha 104 nimemweleza yule ndugu wa bodaboda hapo juu.

Mpe pia hesabu hii. Mwaka 2022 tofauti ya kura kati ya mshindi wa urais na aliyemfuata ilikuwa 233,211. Waliojiandikisha wakabaki nyumbani walikuwa zaidi ya milioni 7. Na hiyo ni hesabu ya urais. Kwenye wadi mshindi anaweza kumpita mwenzake kwa kura mia chache tu. Wenzake aliokwenda nao Mombasa, wakijiandikisha wote katika wadi yenu, mwakilishi wenu atawatafuta yeye. Afisi ya tume ya uchaguzi ipo kwenye eneo bunge lenu. Aende na kitambulisho. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027.

Kuhusu kula pesa za wote, mwanangu, hapo sitakubaliana na majirani zako hata kidogo. Shilingi mia mbili na leso unazopewa siku ile hutoka mahali, na mara nyingi hutoka kwenye majengo yanayoishia kwenye lenta. Ukizipokea, mwaka unaofuata ukiuliza kuhusu zahanati aliyekupa atakwambia mlishamalizana. Nimewasikia wakisema hivyo kwa masikio yangu, mbele ya akina mama, na akina mama wakainamisha vichwa.

Umeniuliza kama nawe ulale. Pumzika, hilo umelistahili. Acha redio ikiwa imezimwa hata mwezi mzima, kwani kuitukana hakukukamilishii ukuta. Na uchovu wako usiwafiche watoto. Huyo wa miaka 23 anaujua kuliko unavyodhani, na nadhani maneno yake makali yanatoka huko: amemwona mama yake akirudi mikono mitupu tangu alipokuwa mtoto.

Barua ile mwandike pamoja naye. Wewe umtajie miaka na mambo uliyoyaona, yeye aichape. Jina liwe lako, nambari ya simu iwe yake, ili wakipiga wamkute kijana asiyeogopa. Mkishagongewa muhuri, nitumieni nakala kupitia gazeti hili. Nitaiweka tarehe hiyo kwenye kalenda yangu ya ukutani, na siku ya 22 asubuhi nitamwandikia mwanao kumwuliza wamejibu nini.