Ushauri kwa mwanafunzi wa uhandisi anayependa mashine: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Tangu utotoni nimependa kufungua mashine, kuzitengeneza na kuunda nyingine kwa vyuma vilivyotupwa, na sasa ninaposomea uhandisi mitambo naona kwamba mapenzi hayo hukomaa pale tu mtu anapojizoeza kuuliza kwa nini kifaa kimeharibika, badala ya kuridhika na kukibadilisha.

Mfano ninaoupenda ni wa mashine ya kusaga nafaka ya mtaani kwetu, ambayo beringi za mota yake, yaani pete za chuma zinazoshikilia shafti (mhimili) ili izunguke kwa wepesi, zilikuwa zikiharibika mara kwa mara. Kupata beringi mpya si kazi ngumu, kwa kuwa namba iliyoandikwa juu yake inatosha: katika 6205, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata kipenyo cha tundu, yaani milimita 25. Lakini beringi mpya nayo ingekufa vilevile, kwa sababu mkanda ulikuwa umekazwa kupita kiasi na puli mbili (magurudumu yanayopitisha mkanda) hazikuwa katika mstari mmoja, hali iliyoilemea beringi. Darasani tunafundishwa kwamba mzigo ukiongezeka mara mbili, umri wa beringi ya gololi hushuka hadi sehemu moja ya nane. Kanuni hiyo niliijibu kwenye mtihani bila kuihisi. Niliielewa siku nilipolegeza mkanda ule, nikanyoosha puli kwa uzi, na mashine ikaendelea kusaga msimu mzima.

Kwa hiyo, unapoletewa mashine, isikilize na uihoji kwanza. Mota ya fezi moja ikinguruma bila kuzunguka, zima umeme, chomoa waya, kisha zungusha shafti kwa mkono. Ikiwa nzito, shughulikia beringi. Ikizunguka kwa wepesi, ishuku kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme na kuisaidia mota kuanza kuzunguka, na usiiguse kabla ya kuondoa chaji iliyobaki ndani yake, maana inaweza kukudhuru hata kama umeme umekatwa.

Jambo lingine ninalolisisitiza kwa moyo wote ni kukaa na mafundi. Nenda kwenye karakana za eneo la Gerezani, Dar es Salaam, au karakana yoyote iliyo karibu nawe, msalimu fundi kwa heshima, shika ufagio ikibidi, na utazame mikono yake inavyofanya kazi. Wapo mafundi ambao hawakuwahi kuingia chuoni lakini hutambua kwa sikio hitilafu ambayo sisi tungehitaji kipimo kuibaini, na wengi wao hufurahi kijana anapowaeleza hesabu iliyo nyuma ya kile wanachokijua kwa uzoefu.

Vifaa vya kuanzia si vingi. Nunua multimita nzuri (kipimo cha umeme), kalipa (kipimo cha vipenyo na unene) na daftari la kuandikia dalili, vipimo na chanzo cha kila hitilafu uliyoitengeneza. Spana nyingine azima karakanani mpaka kazi zenyewe zikuoneshe unazozihitaji.