Mgonjwa kitandani, Padre yuko mbali: aanze na nani?

Dada wa Uvinza, umeuliza mama mkwe wako, aliyelala kitandani na kigango chenu, yaani kanisa dogo la kijijini, kiko mbali na parokia, atapataje sakramenti. Usingoje Padre asikie kwa bahati. Mwambie leo mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo. Yeye ampelekee katekista jina la mgonjwa, kitongoji, namba ya simu, na kama bado anameza. Hilo la kumeza wengi hulisahau. Padre akijua mapema, humpa kipande kidogo tu cha hostia, mkate wa Komunyo, na wewe unakuwa na maji na kijiko tayari.

Komunyo inaweza kuletwa na mhudumu aliyeruhusiwa, lakini Mpako wa Wagonjwa, yaani sakramenti ya kupakwa mafuta matakatifu, hutolewa na Padre au Askofu tu. Msisubiri hadi ashindwe kusema, hapo kuungama kumeshapita. Na mpako si wa mara moja maishani. Hali ikizidi, hurudiwa.

Mezani tandika kitambaa cheupe, weka msalaba, mshumaa na maji ya baraka. Mgonjwa na anayemuuguza hawabanwi na mfungo wa muda wa saa moja kabla ya Komunyo. Wanajumuiya waje, ila wakati wa kitubio, yaani kuungama, wote watoke chumbani, hata wewe. Mvua zikiwa kubwa, mtafutieni Padre bodaboda mapema.