Zunguka nyuma kwanza: kwa wadogo zangu mnaotaka kazi ya sanamu za Ulaya

Wadogo zangu habari zenu. Kila mwezi napata meseji mbili tatu za vijana, wengine wamemaliza historia au akiolojia pale Mlimani, wengine wako Nairobi, wengine washafika huku wanasoma masters, na swali ni lile lile, kaka hiyo kazi ya sanamu za Wazungu makumbusho mtu anaipataje na kutwa nzima unafanya nini hasa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo leo namwaga yote, mtanisamehe sijapanga vizuri.

Kwanza jina la kazi. Huku ni kyureta, nyumbani tunasema mhifadhi. Watu wanadhani ni mtu wa suti nyeusi anayesimama mbele ya marumaru akisema oneni ulaini wa huu mkono. Mi nina miaka tisa kwenye hii kazi, Uingereza, kitengo cha sanamu za Ulaya, na siku nilizolipwa kuongelea uzuri naweza kuzihesabu. Siku nyingi nipo stoo, nimepiga magoti, tochi mkononi, nachungulia chini ya kitu ambacho kwa mbele kila mtu ashakipiga picha.

Ndo somo lenyewe hilo, mengine yote yanatokea hapo. Mbele ya sanamu pametengenezwa kwa ajili ya mteja, nyuma na chini fundi hakutegemea mtu ataangalia, kwahiyo huko hakuna aliyejisumbua kudanganya. Ukiingia kwenye hii fani na macho ya kutazama sura tu utabaki kusoma lebo walizoandika wenzako.

Chukua sanamu za watakatifu za mbao za Ujerumani ya kusini, karne ya 15 na 16, kina Tilman Riemenschneider wa Würzburg. Walitumia mbao ya mti wa linden, laini, inachongeka vizuri, lakini gogo likikauka linapasuka kuanzia moyoni. Sasa wao wakawa wanautoa moyo wote, wanalichimba kwa nyuma mpaka linabaki ganda kama mtumbwi, alafu wanaisimamisha altareni imeegemea ubao, muumini anaona mbele tu. Ukikuta ya namna hiyo imefunikwa vizuri mgongoni kwa ubao uliopigwa randa, jiulize nani kafunika na lini, mara nyingi ni dalali wa baadaye alitaka ikae vizuri kwenye sebule ya tajiri. Angalia na utosini pia. Kuna tundu hapo wakati mwingine, gogo lilikuwa linabanwa kwa misumari huku na huku ili fundi aligeuze akichonga. Kozi niliyosoma ilikuwa nzuri na slaidi zake nzuri, ila hakuna hata moja iliyonionesha utosi wa mtakatifu.

Mi haya mambo sikuyaanzia Ulaya, nilianzia Mwenge, Dar, na nawaambia hivi sio kujipendekeza. Nimekulia jirani na pale kwa wachongaji, kuna mzee mmoja wa Kimakonde likizo nilikuwa nakaa naye namsugulia msasa. Siku moja kaja dogo na kinyago cheusi tii kinang'aa, anasema mpingo. Mzee hata sura hakuangalia. Alikipima uzito mkononi, akakigeuza, akalowesha kidole mate akasugua chini kwenye kitako, kidole kikatoka cheusi. "Mjukuu wangu, hii kiwi ya viatu." Basi. Dogo akaondoka zake kimya.

Miaka mingi baadae nasoma habari ya Flora wa Berlin nikacheka peke yangu. Ni sanamu ya nta, mwanamke, kifua na kichwa, Wilhelm von Bode aliyekuwa mkubwa wa makumbusho ya Berlin aliinunua 1909 akaamini ni kazi ya Leonardo da Vinci. Haikupita muda akajitokeza mzee wa Kiingereza, Albert Lucas, akasema hiyo kaitengeneza baba yangu Richard Cockle Lucas karne ya 19, na ndani tulijaza vikorokoro. Wakafungua, kweli wakakuta vikorokoro. Bode hakukubali mpaka anakufa. Ubishi uliendelea zaidi ya miaka mia, 2021 watafiti wakatoa majibu ya kupima umri wa nta kwa kaboni, ni ya karne ya 19. Bode alikuwa na jicho kuliko sisi wote, sikatai, lakini aliipenda sura kwanza ndo akaenda kutafuta ushahidi wa kumkubalia. Mzee wangu wa Mwenge alianzia kwenye kitako.

Marumaru nayo ina alama zake, jifunzeni kuzisoma kama mnavyosoma mwandiko wa mtu. Patasi yenye ncha inaacha mashimo na mifereji mirefu, ile yenye meno inaacha mistari inayokwenda sambamba kama kitana kimepita kwenye udongo, keekee inaacha tobo za duara ndani ya nywele na kwenye mikunjo ya nguo. Ukienda Florence kumuona David, yule wa Michelangelo wa 1501 mpaka 1504, mita 5 na ushee, usisimame mbele na wenzako, zunguka. Lile jiwe lilikuwa limeshaanzwa na mtu mwingine miaka kama 40 nyuma likaachwa, na ndo maana jamaa kabanwa vile, pembeni mwembamba kuliko unavyotegemea, Michelangelo alikuwa anatafuta mtu ndani ya jiwe lililoshapunguzwa na mwenzake. Ukishajua hilo ule mkao unaanza kueleweka.

Kama Florence mbali kuna David wa plasta London, makumbusho ya Victoria and Albert, ana ukubwa ule ule, alipewa Malkia Victoria 1857 naye akawapa makumbusho. Kuna hadi jani la plasta la kumsitiri wakija wanawake wa kifalme, lilikuwa linaning'inizwa kwa ndoano. Watu wanalichekea lile jani (hata mi), lakini mnaoanza nendeni kwa sababu nyingine, mkatafute mishono, zile laini nyembamba ambapo vipande vya kalibu ya kumwagia plasta vilikutana. Ukishajifunza kuona mshono kwenye plasta utauona kwenye bronzi pia. Na msizidharau kopi, bana. Mei 1945 ghala la Berlin la Friedrichshain, zilikofichwa kazi za makumbusho, liliungua, kuna sanamu zikateketea na nyingine zikaharibika vibaya, na kwa baadhi ya hizo plasta iliyochukuliwa zamani ndo inakuonesha zilivyokuwa.

Bronzi ndo inaliza watu. Sababu bronzi moja inaweza kuwa nyingi. Rodin, mchongaji wa Kifaransa, alikufa 1917 lakini kabla ya hapo alishawapa serikali ya Ufaransa kazi zake pamoja na haki ya kuendelea kuzimwaga kwa bronzi, kwahiyo kuna Rodin halali kabisa zilizotoka kiwandani miaka mingi baada ya yeye kuzikwa, sheria yao inaruhusu 12 tu kwa kila kazi zihesabiwe kuwa za asili. Alafu kuna zisizo halali, mtu anachukua bronzi iliyokamilika anaitolea kalibu anamwaga nyingine. Utaijuaje? Futi kamba. Bronzi ikipoa inasinyaa, asilimia 1 mpaka 2 hivi, kwahiyo kopi ya kopi inakuwa ndogo kuliko mama yake. Sura itakudanganya, muhuri wa kiwanda utakudanganya kabisa maana na wenyewe unamwagwa humo humo, ila umbali wa kutoka kisigino mpaka goti haudanganyi. Mi natembea na futi kamba na kalipa ya kupimia unene kwenye begi kama fundi cherehani, na sioni aibu.

Sasa uzito. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo panapofukuzisha watu kazi. Mita moja ya ujazo ya marumaru ni kama tani 2.7. Sanamu ya mtu mzima amesimama inafika mamia ya kilo na imesimama kwenye vifundo viwili vya miguu vyembamba kama vyako. Oktoba 2002, New York, makumbusho ya Metropolitan, jioni washafunga, Adamu wa Tullio Lombardo, aliyechongwa Venice miaka ya 1490 kwa ajili ya kaburi la Andrea Vendramin, Doge yaani mtawala wa Venice, karibu mita 2, akaanguka mwenyewe. Stendi yake ilikuwa ya plywood, ikaachia upande. Vipande vikubwa 28 na vidogo mamia. Kumrudisha ilichukua miaka 12, wakaskani kila kipande kwa leza, wakapima gundi gani inashika lakini inaweza kuja kutolewa, wakamuonesha tena 2014. Mtu alimaliza miaka mia tano bila kuvunjika hivyo akaja kuuliwa na plywood. Toka nisome ripoti ile sisaini stendi yoyote bila kujua ndani kuna nini.

Mi mwenyewe nina yangu, ndogo ila iliniuma. Mwaka wangu wa pili, tunaazimisha mchongo wa marumaru sehemu nyingine, nikapima mchongo, nikapima sanduku, nikapima mlango wa ukumbi, nikasahau lifti. Sanduku limekuja kamili na povu lake na skrubu zake limezidi mlango wa lifti sentimita nne. Lori linasubiri nje, mabwana wa kubeba wanne wananitazama hawasemi kitu, na kile kimya ndo kibaya kuliko kutukanwa. Ikabidi sanduku litengenezwe upya, wiki nzima. Toka siku hiyo kazi yoyote naanza na mabwana wa kubeba, nawauliza kaka hii itapita wapi, sakafu pale inabeba kilo ngapi, kabla sijamuuliza profesa yeyote. Wale wanajua jengo. Na wamenifundisha mengine madogo madogo, usishike sanamu mkono wala kidole wala kitu chochote kilichojitokeza hata kama kinakuita, usivae glavu za pamba kwenye marumaru zinateleza, vaa zile za mpira za hospitali maana jasho na mafuta ya mkono yanaingia kwenye jiwe na kwenye bronzi yanaacha alama za vidole.

Upande wa makaratasi. Kila sanamu ina faili na faili ni mgongo mwingine wa sanamu. Ilikuwa kwa nani, ikauzwa lini, kati ya 1933 na 1945, enzi za Hitler, ilikuwa wapi. Pakiwa na pengo kwenye miaka hiyo usilipitie haraka haraka, pengine kuna familia ya Kiyahudi ilinyang'anywa. Kwa hilo utahitaji lugha, Kijerumani na Kiitaliano hasa, na Kifaransa. Sio kwa kuongea na watalii, ni kwa kusoma barua za dalali wa 1911 mwenye mwandiko mbaya. Anzeni lugha sasa hivi kabla ya masters, mi nilichelewa nikawa nasoma Kijerumani usiku nasinzia.

Na hili la faili ndo lilinipa kazi. Kwenye intavyuu waliniambia nichague sanamu yoyote ya Ulaya niielezee dakika kumi. Nilikuwa nimejiandaa Canova, yule mchongaji wa Kiitaliano, kama kila mtu. Nikaingia nikabadilisha dakika ya mwisho, nikawaambia nitawaelezea sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyosimamishwa Dar es Salaam 1909, bwana kasimama juu, chini kuna askari wetu anafunika simba kwa bendera huku anamtazama yeye. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaing'oa, ikaenda London, baadaye ikapelekwa Hamburg ikasimamishwa chuo kikuu, wanafunzi wakaiangusha 1967 na tena 1968. Kwa Dar sasa hivi anasimama Askari wa bronzi wa James Alexander Stevenson, alimwagwa London akafunguliwa 1927, bunduki imeelekea bandarini, tunampita kila siku na daladala. Waliniuliza maswali nusu saa badala ya dakika kumi. Hakuna hata mmoja mezani pale aliyekuwa anajua kwamba sanamu za Ulaya zina historia ndefu hivyo mtaani kwetu.

Pesa sitawadanganya, sio kazi ya utajiri, nafasi za kuanzia nyingi ni mikataba ya mwaka mmoja au miwili na watu wenye wazazi wenye nazo wanajitolea bure wakisubiri, we huwezi, viza na kodi ya chumba havisubiri. Kwahiyo tafuteni kazi za pembeni ya kazi, kuandika orodha ya stoo, kupiga picha, kusajili sanamu zinazoazimwa, hata ulinzi wa ukumbi. Mi nilianza mlinzi, miezi kumi na moja nimekaa chumba kimoja na sanamu zile zile kumi na mbili, mpaka leo nikifumba macho nakuonesha kila moja imebandikwa wapi kidole kipya na pua ipi sio yake.

Anayeuliza aanzie wapi na yuko Dar: Jumamosi nenda Mwenge, nunua soda mbili, moja yako moja ya fundi, ukae. Mwambie akuoneshe kinyago kilichoharibika, sio kizuri, kilichoharibika, na akueleze patasi iliteleza wapi. Ukirudi mjini shuka pale kwa Askari, uvuke barabara kwa uangalifu maana ile raundi abauti ina madereva wake, uzunguke nyuma.