Fedha ya korosho na kazi za mikono: kilichonilipa mimi na kilichowamaliza wenzangu

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba wewe ni fundi cherehani wa Masasi, kwamba umepata shilingi milioni nne za korosho za shamba la familia, na unataka kujua ni uwekezaji gani uliotulipa sisi tuliotangulia na upi uliotuangusha. Mimi ni mchonga vinyago, karakana yangu iko Mikindani na shamba langu liko Newala, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyafanya na niliyoyashuhudia kwa watu wa fani yangu.

Huku kusini mwa Tanzania fedha nyingi huingia kati ya Oktoba na Januari, wakati wa minada ya korosho, na ifikapo Machi mzunguko hupungua hata mwenye duka la sukari na chumvi hulalamika. Kwa sababu hiyo, kabla ya kutoa fedha yangu hujiuliza kitu hicho kitakuwa katika hali gani mwezi wa Juni: kitakuwa kinanidai kodi, mshahara na marejesho ya mkopo, au kitakuwa kimetulia kikisubiri kazi. La pili ninalojiuliza ni kama kitakuwa na kazi nyingine endapo mteja niliyemtarajia hatatokea.

Kwa vipimo hivyo, fedha iliyonilipa kuliko zote ni ile niliyoiweka kwenye magogo ya mpingo. Mti huu hukauka polepole mno, na ukiharakishwa juani hupasuka. Mara nyingine ufa hujitokeza kinyago kikiwa kimekwisha kupigwa msasa na kiwi, au kikiwa tayari nyumbani kwa mnunuzi. Nilipoanza kununua magogo kupita mahitaji ya mwaka, nikayapaka nta kwenye miisho na kuyapanga kivulini, wenzangu walisema nimefunga fedha bure. Leo mteja akitaka kinyago kikubwa cha ujamaa, kile cha watu waliobebana kuanzia chini hadi juu, mti mkavu ninao, bei ninaitaja palepale, na sina hofu kwamba atarudi na malalamiko. Gogo halidai kodi, na mwezi wa Juni linaendelea kukauka kwa manufaa yangu. Jambo lisilo na mjadala ni karatasi: nunua kwa mwenye kibali cha kuvuna na uwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kwa sababu mzigo ukikamatwa kizuizini bila hati, usihesabu kwamba utaupata tena. Wilayani Kilwa vipo vijiji vinavyomiliki misitu yake kisheria, na huko mnunuzi hupata mpingo usio na maswali.

Miche ya korosho iliyobebeshwa, inayotokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Naliendele, nayo imenilipa. Ukipanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja huingia miche kama 28, na katikati unalima karanga na njugu mawe wakati mikorosho ingali midogo. Ila tenga mapema fedha ya palizi na salfa, maana ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe ambao salfa huuzuia, hushambulia maua wakati uleule ambao mfuko umekauka.

Sasa upande wa hasara. Waliokuwa Mtwara mjini miaka ya gesi, kabla ya 2015, kampuni zilipojaa kutafuta gesi asilia, wanakumbuka jinsi kodi za nyumba zilivyopanda na gesti zilivyoota kila mtaa. Shemeji yangu, mchongaji hodari kunizidi, alikopa, akapanga fremu karibu na hoteli, akalipa kodi ya mwaka mzima, akaweka vigae, makabati ya vioo na kijana wa mauzo anayelipwa kila mwezi. Bei ya mafuta duniani ikaporomoka kuanzia katikati ya 2014, kampuni zikabana matumizi, na wageni waliokuja na kampuni hizo wakaondoka. Vinyago vyenyewe havikumtia hasara, kwa kuwa vilisafirishwa vikauzwa kwenye soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam. Vigae vilibaki kwa mwenye nyumba na mkopo ulibaki kwa shemeji. Nawasikia sasa watu wakinunua viwanja Lindi kwa matumaini ya mradi wa gesi wa Likong'o, ambao umezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Mwenye fedha ya ziada na afanye, lakini fundi mwenye milioni nne hana ya ziada.

Historia yetu ina mfano mkubwa zaidi wa kile kipimo changu cha pili, cha kitu kuwa na kazi nyingine. Waingereza walianzisha mradi wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwamo, na ulipofika 1951 ulikuwa umekufa. Reli iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa miaka ya 1960, lakini bandari ya Mtwara, iliyotokana na mpango huohuo, inapakia korosho hadi leo, kwa sababu meli haijali kama gunia ni la karanga au la kitu kingine.

Kuhusu kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, nitasema machache: usiiguse. Mbali na kumnyonya jirani aliyebanwa na njaa, mwaka 2018 serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo ilihakiki mashamba kwanza, na waliokuwa na shehena bila shamba walikwama.

Kwa upande wako, ningenunua overloki, mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisichanike nyuzi, iliyotumika lakini nzima, na cherehani ya miguu ningeibakiza kwa ajili ya siku umeme ukikatika. Sehemu kubwa ya fedha inayobaki ningeiweka kwenye vitambaa vya sare za shule, nivinunue kwa jora kabla ya Novemba, kwa kuwa shule hufunguliwa Januari wazazi wakiwa bado na fedha ya korosho. Kitambaa cha sare kisipokwisha mwaka huu kitashonwa mwakani, mradi shule haijabadili rangi, na hilo ulizia kwa walimu wakuu kabla hujalipa. Fremu ya barabarani iache kwanza. Shonea barazani kwako. Ukishapata bei ya overloki hapo Masasi, iandike pamoja na aina yake, kwa sababu mke wangu anashona na amewahi kuuziwa iliyopakwa rangi mpya juu ya mashine iliyochoka.