Msasa, tofali na mpira wa manati

Mwalimu, umeuliza vifaa vya kufundishia matetemeko ya ardhi kidato cha tatu bila maabara. Anza na tofali. Gundisha msasa mezani, weka juu yake kipande cha tofali kilichofungwa mpira wa manati, halafu mwanafunzi auvute polepole mno. Tofali litagoma, mpira utazidi kutanuka, kisha litachomoka ghafla. Hivyo ndivyo miamba kwenye ufa wa ardhi inavyokwama huku nguvu zikijikusanya, hadi inapoachia. Waache warudie na wapime kila mruko kwa rula: wataona wenyewe kwamba hailingani, na wataelewa kwa nini hakuna anayeweza kutaja siku ya tetemeko. Sehemu hii usiiharakishe kabisa.

Ramani zipo bure kwenye tovuti ya USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani. Tafuta tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9. Shule za sekondari Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya, kwa hiyo wanafunzi wataona jambo hili linawahusu.

Na tafadhali, wafanyishe zoezi la kuinama, kuingia chini ya dawati na kulishikilia.