Swali la lugha: nguvu "inaharibu" adui ama inamuumiza?

Msomaji wa Jinja anaendesha gemu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, zile za mezani za kete na karatasi, sheria ameziweka kwa Kiswahili na nguvu akazigawa "zinazoharibu" na "zisizoharibu". Anauliza kama maneno yako sawa, maana wachezaji wake wote wanakimbilia za kwanza.

Hapana ndugu yangu, hayako sawa, na naamini ndo yanakuvurugia meza.

Kuharibu kwanza. Jam inaharibu siku, mvua inaharibu barabara, lakini ukisema fulani ameharibu mtoto wa watu, tunaelewa amempotosha tabia, hakuna anayefikiria ngumi. Kwa mwili wa adui sema kuumiza, au kujeruhi kama kuna kidonda, kuharibu iachie ukuta na magari. Kudhuru nayo usiitumie kugawa, sumu inadhuru, moto unadhuru, hata kulazwa usingizi kwa nguvu kunadhuru, basi neno linashika pande zote mbili.

Sasa hiyo "zisizoharibu" ndo inaniuma zaidi. Kisarufi -si- imekaa vizuri kabisa, shida ni kwamba unamwambia mchezaji kitu ambacho nguvu haifanyi, sasa nani atatoa pointi zake za kununulia nguvu kwa hiyo? Angalia Mutants & Masterminds toleo la 3, gemu ya mashujaa kama hiyo yako: nguvu ya kuumiza ni pointi 1 kwa kila ngazi, na ile ya kumtia adui hali mbaya pia pointi 1, bei moja! Na hiyo ya pili inaweza kuanza na adui kuzubaa, anabaki na tendo moja tu kwa zamu, ikizidi hawezi kutenda chochote, ikizidi tena ametoka kwenye pambano bila hata tone la damu. Tena haipimwi kwa ugumu wa mwili, inapimwa kwa afya yake au utashi wake, kwa hiyo lile jitu la chuma ambalo ngumi zinaligonga bure, msichana mwenye nguvu ya kulaza anaweza kuliangusha.

Ziite kwa kazi zake basi: za kulaza, za kupofusha, za kunasa, za kugandisha. Kwenye karatasi andika "Kunasa, ngazi 8", na chini yake adui anapatwa na nini hatua kwa hatua. Na tafadhali ni nguvu nyingi, siyo "nguvu mingi", najua mtaani Kampala tunaongea hivyo lakini sheria zitasomwa hadi Mwanza.